Somo: Nguvu za mwili na kasi ya raketi katika tenisi

Mpira wa tenisi hauzidi gramu 59.4, kwa hiyo kinachoupa mwendo ni kasi ya raketi inapougusa, wala si unene wa mkono. Kasi hiyo huanzia miguuni, ikapanda nyongani na kiwiliwilini, ikapita begani, na kiganja huipokea mwisho.

Hatua ya kwanza ni miguu. Chuchumaa na uruke mara sita kwa nguvu zako zote, kisha pumzika mpaka pumzi itulie, kwani aliyechoka huruka polepole na mwili ukazoea upole huo. Mchanga wa pwani maji yakiwa yamekupwa hupunguza kishindo magotini.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Chukua mpira wa kikapu mkuukuu, utie mchanga mpaka ufike kilo 2, ushone vizuri, halafu simama ubavu ukielekea ukuta na uurushe kwa mikono miwili. Mwenzako akitazame kitovu chako: kikishageukia ukutani ilhali mpira bado uko nyuma, umepatia, vikigeuka pamoja, umerusha kwa mikono mitupu.

Hatua ya tatu, peperusha raketi bila ya mpira, ukiishika kwa wepesi, na usikilize mvumo wake, ambao unatakiwa usikike mbele ya mwili.

Usisahau misuli ya nyuma ya bega, ambayo huuzuia mkono baada ya pigo. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli unatosha kuifanyia mazoezi ya kuvuta. Mchezaji John Isner wa Marekani, aliyepiga mpira wa kuanzisha kwa kasi ya kilomita 253 kwa saa mwaka 2016, ana urefu wa sentimita 208. Urefu huo hatuwezi kuufanyia mazoezi, lakini kukunja magoti kabla ya kuanzisha tunaweza.

Maswali ya wanachama

Swali (Chake Chake): Assalamu alaykum, mwalimu. Binti yangu ana miaka 11. Je, anyanyue vyuma?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Vyuma vizito bado. Uzani wa mwili wake na mpira wa kilo 1 vinamtosha, mradi awepo mtu mzima wa kumsimamia na kumrekebisha.

Swali (Wete): Shikamoo, mwalimu. Katika mwezi wa Ramadhani nifanye lini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuruka na kurusha kuweke baada ya tarawehe, ukiwa umeshakunywa maji ya kutosha. Kabla ya futari fanya hatua ya tatu tu, na uache mara mvumo unapofifia.