Kuhamisha mzinga mita chache bila kupoteza nyuki

Mwaka wangu wa kwanza wa ufugaji nilihamisha mzinga hatua kama 30, kutoka kando ya ukuta hadi chini ya mti. Usiku, taratibu, wala sikuumwa hata na nyuki mmoja. Jioni ya kesho yake, juu ya mawe mawili yaliyokuwa yameubeba mzinga, nikakuta fundo la nyuki kubwa kama ngumi mbili, wameshikamana kimya. Asubuhi wengi walikuwa wamekufa kwa baridi. Walirudi nyumbani, nyumba haipo.

Nyuki kibarua huanza kwenda kutafuta mbochi (maji matamu ya maua) na chavua akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kabla ya hapo utamwona mchana akielea mbele ya lango, uso kaugeuzia mzinga, akienda kushoto na kulia kwa mizunguko inayozidi kupanuka. Anakariri: mti ule, paa lile, jua liko upande huu. Akishakariri haangalii tena, asubuhi anatoka kama mshale. Ndiyo maana wafugaji husema sogeza chini ya mita 1, au vuka kilomita 5, ambako haoni alama anayoijua na inambidi akariri upya. Kazi ipo hapo katikati.

Kama ni mita tano au sita, sukuma nusu mita hadi mita 1 kwa siku. Siku ya mvua waliyoshinda ndani haihesabiki. Usibadilishe kimo wala upande ambao lango linatazama.

Kwa mita 20, 50 au 200, mimi hufanya hivi:

1. Tayarisha mahali papya kwanza. Nimewahi kusimama gizani na mzinga mikononi huku mwenzangu akitafuta mawe. Usijaribu.

2. Siku hiyo usifungue mzinga. Nyuki wameziba nyufa kwa gundi yao. Ukibandua kifuniko umelegeza kila kitu. Ufunge kwa mkanda, juu hadi chini.

3. Giza likiingia na wote wamerudi, puliza moshi mara mbili tatu langoni, kisha ziba kwa wavu wa waya. Si kwa tope wala kitambaa kizito. Kundi lililokosa hewa hupandisha joto, nta hulainika, masega huanguka, na asubuhi unakuta nyuki wamezama kwenye asali yao wenyewe. Tochi iwe ya mwanga mwekundu, kwani nyuki hawauoni vizuri.

4. Bebeni wawili, bila kuinamisha. Sega jipya lililojaa asali hukatika upesi.

5. Hali ya hewa ikiwa ya ubaridi, waache wamefungwa kivulini siku mbili hadi tatu. Kukiwa na joto kali, usizidishe usiku ule mmoja.

6. Kabla ya kufungua, egemeza tawi lenye majani mengi langoni kabisa, watoke kwa kutambaa. Kisha kaa pembeni utazame. Wa kwanza anatoka, anagonga jani, anasita, anageuka kulitazama lango. Akishageuka, huyo umempata. Tawi likae siku nne au tano.

7. Kule kwa zamani ondoa kila kitu, hata mawe. Jioni weka sanduku dogo lenye sega moja. Wanaorudi wataingia, na usiku unawamwaga mbele ya mzinga wao. Rudia jioni mbili tatu.

Maswali ya wanachama

– Mwalimu, nina mizinga minne pamoja. Naweza kuhamisha mmoja tu?

Unaweza. Nyuki wake wa nje wataingia kwa jirani, na wakija na mbochi mara nyingi hupokelewa. Hujawapoteza, ila uliohama utadhoofika na waliobaki watanenepa. Wengine hufanya hivyo makusudi kusawazisha makundi.

– Nimewafungia tangu jana, wanavuma sana. Niwafungulie?

Gusa mbao kwa kiganja. Mvumo wa kupepea hewa ni wa kawaida. Lakini kama mbao zina joto na nyuki wamejibandika kwenye wavu, nyunyizia maji wavuni na ongeza kivuli. Wasipotulia, fungua hata mchana, tawi likiwa mahali pake. Afadhali wapotee wachache wa nje kuliko majana yote (nyuki wachanga walio bado kwenye masega) kuiva humo ndani.

– Wangu waliwahi kuhama kabisa wiki moja baada ya kusogezwa. Nilikosea wapi, mkuu?

Ulivuna siku zilezile? Kundi lililosumbuliwa na kuachwa bila chakula halina sababu ya kubaki. Waachie asali, na hamisha wakiwa na majana mengi. Kundi lenye majana huondoka kwa shida.

– Na malkia, hatapotea?

Anayetaga hatoki, kwa hiyo hana cha kusahau. Wa kuhofia ni malkia mwali ambaye hajapandana: naye hutoka kuruka na hukariri mahali. Ukijua kundi limebadilisha malkia hivi karibuni, subiri. Ukiona mayai kwenye vijumba vya masega, hamisha.