Somo: Bunduki ya peintiboli inavyofanya kazi, na aina zake

Habari zenu wakuu. Peintiboli ni mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi kwa bunduki za gesi. Wengi wanaouliza kuhusu bunduki hizi huanzia kwenye bei na muonekano. Mimi naomba tuanzie kwenye gesi, maana ukishajua gesi inapita wapi, aina zote zinaeleweka bila kukariri.

Asili yake si mchezo. Kampuni ya rangi ya Nelson ya Marekani ilihitaji kifaa cha kuwasaidia mabwana misitu kutia alama miti wasiyoweza kuifikia, na wafugaji kutia alama ng'ombe. Kampuni ya bunduki za hewa ya Daisy ikaunda bunduki iliyoitwa Nel-Spot 007. Tarehe 27 Juni 1981, watu 12 waliingia nayo msituni huko Henniker, New Hampshire, kuwania bendera. Aliyeshinda, bwana misitu Ritchie White, hakufyatua hata mara moja!

Hatua ya 1: Kijue kidonge
Kidonge ni kile kitufe cha rangi kinachorushwa. Kipenyo cha kawaida ni inchi 0.68, yaani milimita 17 na ushei, na uzito ni gramu 3 hivi. Ganda ni jelatini. Ndani mna poliethilini glikoli na rangi inayotoka kwa maji. Kidonge kibovu kitaharibu shabaha ya bunduki yoyote, hata iwe ghali namna gani.

Hatua ya 2: Ijue gesi
Kuna kabonidayoksaidi na kuna hewa iliyoshindiliwa. Kabonidayoksaidi hukaa mtungini ikiwa kimiminika, na presha yake hufuata joto: kwenye nyuzi 21 za Selsiasi ni psi (kipimo cha presha) 850 hivi, juani inapanda. Ukifyatua haraka haraka mtungi unapoa, presha inashuka, na kimiminika kinaweza kuingia ndani ya bunduki na kuharibu mipira ya kuzuia uvujaji. Hewa hujazwa hadi psi 3000 au 4500, kisha regulata, kama ile ya gesi ya jikoni, huishusha na kuitoa kwa kiwango kilekile. Kwa uwezo wako wote, chagua hewa.

Hatua ya 3: Fuatilia mfyatuo mmoja
Chukua ile ya kimekanika inayojikoki yenyewe, inayokodishwa viwanja vingi. Ukivuta kifyatulio, kizuio kinaiachia nyundo. Springi inaisukuma mbele. Nyundo imeunganishwa na bolti kwa kijiti cha chuma, kwa hiyo bolti, yaani kipande kinachosukuma kidonge, nayo inakwenda mbele, inakisukumia kidonge mtutuni na kuziba njia nyuma yake. Hapo nyundo inagonga pini ya vali. Vali inafunguka kufumba na kufumbua, gesi inagawanyika: nyingine inapita ndani ya bolti na kukirusha kidonge, nyingine inairudisha nyundo hadi inaswe tena na kizuio. Kidonge kipya kinadondoka kutoka chombo cha juu.

Sasa angalia: gesi ikipungua, nyundo hairudi hadi mwisho. Kizuio hakiinasi, springi inaisukuma tena, vali inagongwa tena, na bunduki inajifyatua mfululizo bila kuguswa. Ikikutokea, elekeza mtutu chini na kagua mtungi kwanza kabla ya kuanza kufungua skrubu.

Hatua ya 4: Aina
Pampu: unakoki kwa mkono kila mara. Inakufundisha kulenga kuliko nyingine zote.

Kimekanika: ni hiyo ya hatua ya 3. Tippmann 98 ndiyo mfano unaojulikana zaidi, na sifa yake ya uimara ni ya haki.

Kielektroniki: kifyatulio ni swichi tu. Bodi yenye betri inaiamuru solenoidi, yaani vali ya umeme, nayo inaelekeza hewa. Vitambuzi vya mwanga huhakikisha kidonge kimekaa sawa kabla ya mfyatuo, kwa hiyo hakikatwi na bolti. Usiitilie kabonidayoksaidi.

Ya magazini: vidonge vinaingia kwa chini, vichache, kwa wapendao mchezo wa kijeshi.

Hatua ya 5: Pima kasi ya kidonge
Kikomo kinachojulikana ni futi 300 kwa sekunde, mita 91 hivi. Viwanja vingi huweka 280 au chini yake. Pima upya gesi ikibadilika au jua likipanda.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwa nini nyingine zinatoa moshi mweupe?
Jibu: Si moshi, kaka. Kabonidayoksaidi ikitanuka inapoa sana na kugandisha unyevu wa hewani. Ukiuona mwingi, punguza mwendo wa kufyatua.

Swali: Niko Mombasa, vidonge vinapasukia mtutuni.
Jibu: Jelatini inanyonya unyevu, kidonge kinavimba. Funga mfuko vizuri, fungua unavyotumia tu, na usiweke kwenye friji. Futa mtutu ukauke kabisa, maana rangi iliyobaki hupasua vidonge vinavyofuata.

Swali: Mwanangu ana miaka 9, anaweza kucheza?
Jibu: Dada, mtafutie kiwanja chenye bunduki za springi za inchi 0.50. Kidonge ni chepesi na maumivu ni kidogo. Ila maski ya kukinga macho haina mbadala, hata kwake, hata kwako unayetazama. Miwani ya jua haifai. Kidonge kinaweza kupofusha jicho, ndiyo maana nje ya uwanja kila mtutu huvishwa soksi yake, yaani kifuniko cha kuzuia kidonge kikifyatuka kwa bahati mbaya.

Swali: Nauziwa mtungi wa hewa uliotumika. Niangalie nini?
Jibu: Tarehe ya kupimwa iliyoandikwa juu yake. Mingi ya Marekani inatakiwa kupimwa upya kila miaka 5. Kama imepita, au nyuzi za kaboni zilizozungushiwa mtungi zimekatika, usiujaze.