Kuandaa bahasha ya usaili: mwongozo kutoka steshenari ya Ngamiani

Steshenari yangu iko Ngamiani, jijini Tanga, na wateja wanaonitia simanzi ni wale wanaogonga mlango saa kumi na mbili asubuhi wakitaka kopi za vyeti, ilhali usaili wao wa kazi unaanza saa mbili. Kopi hutoka kwa dakika tano, lakini cheti kisichokuwepo hakitafutwi kwa dakika tano. Kwa sababu hiyo naanza na mambo ya wiki mbili kabla, na habari za nguo nawaachia mafundi cherehani.

Hatua ya kwanza ni kusoma tangazo la wito hadi mstari wa mwisho, kisha kulichapisha, kwa kuwa simu inaweza kuzuiwa mlangoni. Kwa ajira za serikali, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaka kitambulisho pamoja na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi cha ngazi uliyoombea kazi. Husema pia kwamba hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa na ofisi moja kwa kubeba karatasi ya matokeo, nikiamini kuwa alama ni zilezile. Alama zilikuwa zilezile kweli, ila karatasi haikuwa cheti.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo huwaangusha wengi, ni kulinganisha majina. Tandaza vyeti vyote mezani, weka rula chini ya jina katika kila kimoja, kisha soma herufi moja moja, ikiwezekana kwa sauti, huku mtu mwingine akifuatisha kwenye kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA. Huku kwetu jina moja lina njia nyingi za kuandikwa: Athumani wa cheti cha kuzaliwa huwa Othman shuleni, Rukia huongezewa herufi akawa Rukiya, na jina la babu huingia kwenye kitambulisho ilhali cheti cha kidato cha nne kina majina mawili tu. Mhakiki wa vyeti kwenye usaili hakujui wewe wala babu yako. Anachokiona ni watu wawili. Majina yakitofautiana, hati inayotakiwa ni ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria, nayo haipatikani kwa siku moja, hivyo anza kuishughulikia siku ileile unapoigundua tofauti.

Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe kwamba vyeti vyake vimetambuliwa na TCU (ya vyuo vikuu), NACTVET (ya vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (baraza la mitihani) kulingana na ngazi yake. Wenye taaluma za bodi, kama wauguzi na wahandisi, waongeze cheti cha usajili, na leseni inapohitajika.

Hatua ya tatu ni kopi. Toa seti mbili kwenye karatasi za A4, na uangalie kwamba kingo zote nne, muhuri na namba ya cheti vinaonekana. Mwambie mhudumu akilaze cheti halisi juu ya kioo cha mashine, asikipitishe kwenye sehemu inayovuta karatasi, maana nimeona mashine ikitafuna kona ya shahada. Nakala zipigwe muhuri wa wakili iwapo tangazo limeagiza. Leminesheni ya cheti halisi naikataa hata mteja akinilipa, kwa kuwa plastiki ikishashikana na karatasi haibanduki bila kuichana.

Hatua ya nne ni kufungasha. Panga vyeti kwa mfuatano uliotajwa kwenye tangazo, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki, bila pini za stepla, kisha utie vyote kwenye faili linalofungwa kwa kifungo. Bahasha ya kaki peke yake haitoshi wakati wa masika, hasa kwa anayekwenda kwa baiskeli, kama tulivyo wengi mjini hapa. Ongeza kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi. Kama usaili uko Dodoma, panda basi katika stendi ya Kange siku moja kabla, na faili lipakate mwenyewe. Begi la nguo ndilo liende kwenye buti.

Ukimaliza kuhakikiwa, hesabu vyeti vyako palepale mezani kabla hujanyanyuka, kwa sababu cha kuzaliwa, kikiwa kidogo kuliko vingine, hupenda kubaki chini ya makaratasi ya wenzako.