Namna ya Kutuliza Akili kwa Kuanzia Usingizini

Mtu akizidiwa na mawazo, akawa mkali kwa watoto au akakosa hamu ya kazi aliyokuwa akiipenda, aghalabu hutafuta sababu kubwa: madeni, ndoa, ugomvi kazini. Sababu hizo zipo na hazipuuzwi. Hata hivyo, ukitaka kushika jambo moja la kila siku ambalo kwa kiasi fulani liko mikononi mwako, shika usingizi, kwani kukosa usingizi si dalili tu ya sonona na wasiwasi. Anayeukosa kwa muda mrefu huwa katika hatari zaidi ya kupata sonona baadaye, hata kama leo hana.

Wengi hupigania saa ya kulala, ilhali usingizi hauamrishwi. Kinachoweza kupangwa ni kuamka. Chagua saa moja, tuseme saa 11:30 alfajiri, uishike siku zote saba, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kisha toka nje mapema, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaorekebisha saa ya ndani ya ubongo, nasi tunaoishi karibu na Ikweta tuna bahati kwamba jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Anayeondoka nyumbani kungali giza ili awahi daladala anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya kazini na kutembea, iwapo kumeshapambazuka. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika kwa ajili ya daku. Hapo usingizi mfupi wa mchana husaidia, mradi usivuke nusu saa na usiangukie jioni.

Jambo la pili ni kahawa na chai ya rangi. Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini, yaani kichangamshi kilichomo ndani yake, huondoka mwilini kwa muda wa takriban saa tano, na kwa mjamzito hukawia zaidi. Maana yake ni kwamba kahawa uliyokunywa barazani saa 12 jioni bado imo nusu yake saa 5 usiku, wakati unajigeuzageuza kitandani ukidhani una mawazo tu. Ihamishie kabla ya saa 8 mchana. Miraa nayo hufukuza usingizi, na pombe, ingawa humlaza mtu haraka, humwamsha usiku wa manane.

Ushauri wa kitabibu husema kwamba usipopata usingizi kwa takriban dakika 20, uondoke kitandani hadi usinzie tena, ili kitanda kisizoeleke kuwa mahali pa kuhangaika. Ushauri huo, naona, uliandikwa na watu wenye vyumba vingi. Familia ikilala chumba kimoja, kaa kwenye mkeka au kiti bila kuwasha taa kali wala kufungua simu. Simu ilazwe mbali na mkono. Ujumbe wa kudai mkopo ukisomwa saa 6 usiku haulipiki usiku huo. Ni afadhali saa 1 jioni uketi na daftari, uandike kila kinachokusumbua pamoja na hatua moja utakayoichukua kesho. Chandarua kisichotoboka na dirisha linalopitisha hewa navyo ni sehemu ya tiba, hasa katika joto la pwani kati ya Desemba na Machi.

Andika kila asubuhi saa uliyolala, saa uliyoamka na hali ya moyo wako, kwa wiki mbili. Ikiwa usingizi unakutoroka angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, peleka maandishi hayo kwa daktari. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza tiba ya kubadili fikra na mazoea itangulie dawa. Usijinunulie dukani diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa kuwa mwili huizoea ndani ya wiki chache. Usingojee wiki mbili iwapo huzuni imeleta mawazo ya kujiua, au iwapo ndugu yako analala saa mbili tatu tu bila kuchoka, anaongea kwa kasi na kutapanya fedha: hao wapelekwe hospitali siku hiyohiyo, wakisindikizwa na mtu wanayemwamini.