Kubadilisha Mabomba ya Breki ya Lori la Kijeshi M35A2

Lori la M35A2, ambalo jeshi la Marekani liliita la tani mbili na nusu kwa kufuata mzigo lililoruhusiwa kubeba nje ya barabara, lina uzito wa karibu tani sita likiwa tupu, na uzito huo wote husimamishwa na mfumo wa breki wenye njia moja tu ya mafuta ya breki. Masta silinda, yaani silinda kuu inayosukumwa na pedali, husukuma mafuta hadi kwenye silinda ya kuongeza nguvu inayosaidiwa na hewa ya kampresa, kisha mafuta hugawanywa kwa magurudumu ya ekseli zote tatu. Bomba moja likipasuka, pedali huzama hadi sakafuni na breki za magurudumu yote hupotea kwa pamoja. Inayobaki ni breki ya mkono, ambayo haikuundwa kusimamisha lori lililo mwendoni. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote abadilishe lile bomba linalovuja peke yake na kuyaacha mengine yaliyokula kutu kwa miaka ileile.

Anza kutafuta vipuri kabla ya kushika spana. Vitabu vya ufundi vya jeshi vya mfululizo wa TM 9-2320-209 huonyesha kila kipande na namba yake ya ghala. Tangu 1974 namba hiyo ina tarakimu 13: nne za kwanza hutaja kundi la bidhaa, ambapo 2530 ni vipuri vya breki, usukani na ekseli, na 4720 ni hozi na mabomba yanayopindika, ilhali tisa za mwisho hukitambulisha kipuri chenyewe. Ukikuta boksi la zamani lenye tarakimu 11, usilitupe: chomeka 00 baada ya zile nne za kwanza, nawe utapata namba inayotumika katika orodha za sasa.

Hapa lazima nisisitize jambo moja, kwa kuwa lilinigharimu. Kipuri cha chuma kilichofungwa kwenye karatasi ya nta na grisi ya jeshi kinaweza kukaa miongo mingi kikabaki kizima, lakini mpira huzeeka hata kama boksi halijafunguliwa. Niliwahi kufunga hozi ya akiba ya jeshi iliyokuwa nzuri kwa macho. Baada ya siku chache ngozi yake ya ndani iliachia na kuziba njia, mafuta yakawa yanakwenda kwenye gurudumu bila kurudi, na ngoma ya breki ikapata moto kwa breki iliyokataa kuachia. Nunua hozi na vikombe vya mpira vilivyotengenezwa karibuni, na usome tarehe yake.

Mabomba yenyewe ni afadhali uyatengeneze. Tumia bomba la breki la chuma lenye kuta mbili, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambalo halishiki kutu na hupindika kwa urahisi. Shaba tupu haifai, kwani huwa ngumu na kupata nyufa kwa mtikisiko, na viungo vya kubana kwa pete visionekane kabisa kwenye breki.

Egesha lori mahali tambarare, zuia magurudumu kwa magogo, toa hewa yote kwenye matangi, na usiingie chini ya lori linaloshikiliwa na jeki peke yake. Piga picha za njia ya kila bomba na vishikizo vyake. Nati zipakwe mafuta ya kulainisha kutu siku moja kabla, na zifunguliwe kwa spana ya mabomba inayoshika pande zote isipokuwa mwanya mdogo, kwa sababu spana ya kawaida huzivuruga kona. Bomba la zamani likitoka zima, ndilo kielelezo chako cha kupindia.

Kata bomba jipya kwa kikatio cha gurudumu, lainisha kingo ndani na nje, na uvishe nati kabla ya kutengeneza mdomo, yaani ncha ya bomba iliyotanuliwa ili ibanwe na nati, jambo ambalo hata mafundi wazoefu husahau. Mdomo uwe wa nyuzi 45 uliokunjwa mara mbili; ule wa kukunjwa mara moja hupasuka kwenye chuma. Safisha ndani kwa spiriti, kausha kwa hewa, kisha funga bomba kwenye vishikizo vyote lisisugue chesisi. Hozi za mbele zikaguliwe huku usukani ukizungushwa hadi mwisho wa kila upande.

Katika miaka ya 1980 jeshi lilihamia mafuta ya breki ya silikoni, ya daraja la DOT 5, yasiyofyonza unyevu. Usiyachanganye na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1, ambayo ni ya glikoli licha ya jina lake. Yamimine haya ya silikoni polepole bila kutikisa chombo, maana hushika mapovu. Toa hewa iliyonaswa ndani ya mafuta, kwanza kwenye silinda ya kuongeza nguvu, kisha kwenye magurudumu ukianzia lililo mbali zaidi, huku msaidizi akihakikisha kuwa masta silinda haikauki. Mwishowe jaza matangi hewa, mwambie akanyage pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika nzima, nawe ufute kila kiungo kwa karatasi kavu. Penye unyevu, fungua na utazame mdomo wa bomba, usiikaze tu nati.