Namna ya Kupima Matumizi ya Kifaa cha Kusaidia Kusikia kwa Wazee

Ukimuuliza mzee wa Kibosho au Old Moshi, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kama anavaa kifaa chake cha kusaidia kusikia, mara nyingi atajibu kuwa anakivaa, kwa kuwa hapendi kumvunja moyo mwanawe aliyekigharamia wala mhudumu aliyepanda mlima kuja kumwona. Kwa hiyo swali hilo la ndiyo au hapana liachwe kabisa.

Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, muulize kuhusu wiki mbili zilizopita. Dodoso la IOI-HA, yaani orodha fupi ya maswali kuhusu manufaa ya vifaa vya kusaidia kusikia inayotumika katika nchi nyingi, hupanga majibu katika ngazi tano: hakukivaa, chini ya saa 1 kwa siku, saa 1 hadi 4, saa 4 hadi 8, na zaidi ya saa 8. Wazee wengi hawapimi siku yao kwa saa, hivyo pitia naye siku ya jana tangu chai ya asubuhi, kazi za kihambani (shamba la migomba linalozunguka nyumba), wageni waliofika, hadi taarifa ya habari ya usiku, ukiandika ni wapi kifaa kilikuwa sikioni na wapi kilikuwa kabatini. Andika pia ni wakati gani alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa maana mjane anayeishi peke yake na akavaa kifaa saa 2 tu, zote akiwa na majirani, hawezi kuwekwa kundi moja na anayekaa kutwa kati ya wajukuu bila kukivaa.

Kisha linganisha maelezo yake na ushahidi mwingine. Vifaa vingi vya kidijitali hutunza kumbukumbu ya wastani wa saa za matumizi kwa siku, na kliniki huweza kuisoma kwa kompyuta. Kumbukumbu hiyo, hata hivyo, huhesabu muda ambao kifaa kimewashwa, hata kama kilisahaulika mezani. Tena wastani huficha tofauti kati ya Jumapili ya kanisani na Jumatatu ya kimya.

Pale kumbukumbu hiyo isiposomeka, hesabu betri zilizotumika. Betri ya zinki na hewa ya namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, kwa kawaida hudumu wiki moja hadi mbili ikitumika kutwa, lakini kibandiko kikishabanduliwa betri huendelea kupungua nguvu hata kifaa kikiwa kimezimwa. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu.

Usipime Desemba, wakati watoto wamerudi kutoka mijini na nyumba imejaa maongezi, ukadhani ndivyo mwaka mzima ulivyo.

Majibu yakipishana na kumbukumbu, usimsute mzee. Mwombe akivae mbele yako, uangalie kama vidole vinaweza kufungua mlango wa betri, kama kinapiga mluzi, kama nta ya sikio au unyevu wa masika umeziba mrija, na uandike sababu utakayoiona kando ya idadi ya saa.