Plasta ya dawa na maji ya kuoga

Mama yangu huvaa plasta ya dawa ya maumivu, ile ya fentanili inayobadilishwa kila baada ya saa 72, na mwanzoni aliogopa kuoga nayo. Jamani, ogeni tu. Maji ya kawaida hayaibandui. Adui ni mafuta: ukijipaka kwanza ndipo ubandike, kufika jioni ukingo umeshajikunja na kushika nyuzi za sweta. Osha ngozi kwa maji matupu, ikauke kabisa, bandika, kisha gandamiza kwa kiganja sekunde 30. Epuka pia pale kamba ya mkoba inaposugua ukisukumana kwenye matatu.

Linalonitia hofu hasa ni joto. Baridi ya Julai hapa Nairobi mnaijua, na wengi hukumbatia chupa ya maji moto au kusogelea jiko. Plasta hii ikipata joto, dawa huingia mwilini haraka mno, na mtu anaweza kushindwa kupumua. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, tafadhali. Ukiibandua ikunje gundi kwa gundi, maana dawa bado imo, na mtoto asiiokote.